Pwani haikuwa mbali: namna ya kuzisoma picha za zamani za misheni

Kuna picha iliyopigwa Zanzibar karibu na mwaka 1890 ambayo huenda umewahi kuiona, maana imezunguka sana: vitabuni, makumbusho, na siku hizi kwenye simu za watu. Ni mtoto wa kiume aliyefungwa mnyororo, na mnyororo umeshikana na gogo. Maelezo ya Kiingereza yaliyochapishwa pamoja nayo yanasema hiyo ni adhabu ya bwana wa Kiarabu kwa kosa dogo, kwamba gogo lilikuwa na uzito wa ratili 32, yaani kama kilo 14 na nusu, na kwamba mtoto hakuweza kwenda popote ila kwa kulibeba kichwani. Kisha yanaongeza kuwa hii ni picha halisi, iliyopigwa na mmoja wa wamisionari wetu.

Picha inaumiza, na ukatili uliomo si wa kubuni. Lakini hebu tuyasome tena yale maelezo, polepole. Uzito wa gogo umepimwa. Asili ya mwenye mtumwa imetajwa. Mpiga picha ametambulishwa kwa udugu wake na msomaji: ni "wetu". Mtoto mwenyewe hana jina, hana umri, hana kwao. Hatuambiwi kama yule mmisionari, alipokwisha kupiga picha, aliuliza ufunguo wa mnyororo uko wapi. Na neno "halisi" halikuwekwa bure. Kwa miaka mingi wasomaji wa Ulaya walikuwa wameonyeshwa michoro ya utumwa, mingine imetiwa chumvi, na sasa kamera ililetwa kama shahidi asiyeweza kusema uongo.

Halafu kuna kalenda. Mwaka 1890 ndio mwaka ambao Uingereza ilitangaza Zanzibar kuwa chini ya ulinzi wake. Utumwa haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba hadi Aprili 1897, na masuria waliachwa nje hadi 1909. Pwani ya Kenya ilisubiri hadi 1907, Tanganyika hadi 1922. Ukiiweka picha juu ya tarehe hizo, yule bwana wa Kiarabu hasimami tena peke yake. Nyuma yake ipo serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikiilinda dola ambayo ndani yake utumwa ulikuwa bado halali. Maelezo ya picha hayakuigusa serikali hiyo.

Ugumu wa picha za misheni unaanzia hapo. Zinaonyesha vitu vilivyokuwapo kweli, ila zilipigwa na watu fulani kwa ajili ya watu wengine kabisa, na katikati pakatokea mambo mengi. Mojawapo, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote, ni kwamba ziliifanya pwani yetu ionekane mahali pa mbali sana kuliko ilivyokuwa.

Picha iliyotumwa kuomba

Misheni za pwani ya Afrika Mashariki ziliishi kwa michango. Chama cha CMS cha Waanglikana kilikuwa Rabai tangu 1846, kwa akina Krapf na Rebmann, na mwaka 1875 kikaanzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wamethodisti walikuwa Ribe tangu 1862. UMCA, Waanglikana wengine wenye mwelekeo wa kikatoliki, walihamia Zanzibar mwaka 1864. Mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa waliingia Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1860, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Kila mmoja kati ya hao alikuwa na makao makuu Ulaya yanayouliza swali moja: fedha zinafanya nini?

Jibu lilipelekwa kwa majarida. CMS walikuwa na lao tangu 1841, UMCA wakaanzisha la kwao mwaka 1883. Mwanzoni picha yenyewe haikuweza kuchapwa kwenye karatasi ya gazeti. Ilibidi mchongaji akae nayo, aichore upya juu ya ubao wa mti, achonge, ndipo ichapwe. Mchongaji huyo hakuwahi kukanyaga Mombasa. Akiona pembe moja ya picha iko wazi, alikuwa na uhuru wa kuongeza mnazi. Akiona uso umefifia, aliukamilisha kwa kubahatisha, na uso wa kubahatisha ukatoka kama nyuso zote za "Mwafrika" alizokwisha kuchonga kabla. Kwa hiyo mchoro unaoandikwa chini yake "kutokana na picha" ni kazi ya mikono miwili, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa London. Mbinu ya kuchapa picha kwa vidotidoti ilipoenea kwenye magazeti, kuelekea mwisho wa karne ya 19, mchongaji akakosa kazi na picha zikaanza kutoka jinsi zilivyopigwa.

Njia nyingine ilikuwa taa ya slaidi. Picha ilihamishiwa kwenye kipande cha kioo cha mraba, kwa kipimo cha Kiingereza kama sentimita 8 kwa 8, mara nyingi kikapakwa rangi kwa brashi, kisha kikamulikwa ukutani katika ukumbi wa kanisa wakati wa baridi. Mmisionari aliyekuwa likizoni alisimama kando akieleza, na baadaye sahani ya sadaka ikapita. Nyumba nyingi za Uingereza na Ujerumani ziliijua Zanzibar kwanza kwa njia hiyo, gizani, kwa dakika chache kila slaidi, na kwa sauti ya mtu mmoja.

Mtindo uliopendwa kuliko yote ulikuwa ule wa kabla na baada. Kushoto, mtoto aliyeshushwa kutoka jahazini, amekonda, ana kitambaa kiunoni. Kulia, mtoto amevaa nguo safi na ameshika kitabu. Mtindo huo haukuzaliwa Afrika. Thomas Barnardo, aliyewalea watoto maskini wa mitaa ya London, aliuza kadi za namna hiyo katika miaka ya 1870, na mwaka 1877 ilibidi ajibu mbele ya waamuzi juu ya shutuma kwamba baadhi ya watoto walivalishwa matambara zaidi ya waliyokuja nayo ili picha ya "kabla" itoke vizuri. Alilaumiwa kwa hilo. Mtoto wa Kiungani, shule ya UMCA huko Zanzibar, na mtoto wa mashariki mwa London walipita katika kiwanda kimoja cha picha, jambo ambalo nadhani wengi wetu hatuambiwi tunapoonyeshwa za huku peke yake.

Mbali na nani?

Chukua Freretown. Katika majarida ya wakati huo ni kituo cha nuru kwenye ukingo wa giza: nyumba za misheni, watoto wamepangwa mistari, minazi, na nyuma hakuna kitu. Sasa simama mahali penyewe. Ni pale Kisauni, ambapo mtaa wa Kengeleni umepata jina lake kutokana na kengele ya misheni iliyopigwa kuwaonya watu kwamba wakamata watumwa wanakuja. Ukigeuka tu unauona Mji wa Kale wa Mombasa ng'ambo ya maji, na leo ni daraja la Nyali tu linalokutenga nao. Mji huo ulikuwa na misikiti ya karne nyingi, maduka ya Wahindi, washairi wakubwa, na bandari iliyofuata kusi na kaskazi kwenda Lamu, Muscat, Kutch na Surat. Mpiga picha aliuacha nyuma ya mgongo wake. Angegeuza kamera, "ukingo wa dunia" ungekuwa na umati wa watu wanaopakua tende.

Zanzibar ndiyo usiseme. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869. Kuanzia 1872 meli ya barua ya Waingereza ilikuwa ikifika kila mwezi kupitia Aden. Mwaka 1879 waya wa telegrafu wa chini ya bahari uliunganisha Zanzibar na Aden, na kutoka Aden na London. Sultani Barghash mwenyewe alikwenda Uingereza mwaka 1875, akapokewa kwa heshima na kupigwa picha studioni kama wafalme wengine. Mjini Unguja palikuwa na studio za wapiga picha wenye asili ya Goa, majina yanayokumbukwa zaidi yakiwa Gomes na Coutinho, ambako tajiri, ofisa na mgeni waliweza kwenda kukaa mbele ya pazia lililochorwa wakalipia picha zao. Bagamoyo ulikuwa mji wa misafara na mtaji. Sewa Haji, mfanyabiashara Mwismailia aliyezipa misafara bidhaa na wapagazi, alitoa jengo la shule pale mwaka 1896 na akachangia hospitali. Katika picha nyingi za misheni ya Bagamoyo mji huo hauonekani. Inaonekana njia ya miembe, wanafunzi wanaolima, padri mwenye ndevu ndefu.

Sisemi hakukuwa na mahali pa mbali. Wamethodisti walipofungua kituo Golbanti kwenye Mto Tana, katikati ya Waoromo na Wapokomo, msaada ulikuwa siku nyingi kwa mtumbwi, na mwaka 1886 John na Annie Houghton waliuawa pale katika shambulio la Wamasai. Huko umbali ulikuwa wa kweli na uliua. Lakini ukiangalia jinsi Freretown na Golbanti zilivyoonyeshwa, utadhani zina upweke sawa, ingawa kutoka ya kwanza ungeweza kupiga mbizi ukatokea sokoni.

Sababu haihitaji kutafutwa sana. Mfadhili huchangia zaidi palipo peke yake. Kituo kinachopakana na mji wenye madrasa, mahakama ya kadhi na wafanyabiashara wanaojua lugha nne kinaleta maswali. Mji wa Waislamu waliostaarabika kwa namna yao haukukaa vizuri ndani ya hadithi ya kuleta ustaarabu, basi mara nyingi ukaachwa nje ya fremu au ukaingizwa kama kivuli: Mwarabu mwenye jambia, jahazi la watumwa, gogo na mnyororo.

Kioo, dawa na joto

Baadhi ya mambo tunayoyadhani ni nia ya mpiga picha yalikuwa kemia tu, na ni haki kuyatenga.

Hadi miaka ya 1870 picha ilipigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa mbichi. Kioo kilitakiwa kipakwe, kitiwe kwenye kamera, kipigwe na kusafishwa kabla dawa haijakauka, yaani ndani ya dakika kama 10 au 15, na kwenye joto la pwani pengine pungufu. Mpiga picha alitembea na hema la giza, chupa za dawa na maji safi. Ndiyo maana picha za miaka hiyo ni chache. Kioo kikavu, kilichobuniwa na Richard Maddox mwaka 1871 na kuanza kutengenezwa viwandani mwishoni mwa muongo huo, kilibadilisha mambo: kilinunuliwa kwenye boksi, kikapigwa leo, kikasafishwa wiki ijayo. Ndipo mmisionari wa kawaida akaweza kuwa mpiga picha. Mwaka 1888 ikaja Kodak ya filamu, na hata mtu asiyejua dawa akaweza kubonyeza.

Ila dawa ya kioo kikavu ilikaa ndani ya jelatini, na jelatini hulainika kwenye maji ya uvuguvugu. Maji ya kisima cha pwani saa nane mchana yanatosha kuikunja au kuing'oa kabisa kutoka kwenye kioo. Wengi walisafisha usiku wa manane, au waliigandisha kwanza kwa shabu. Unyevu nao ulileta ukungu. Ukiona picha ya zamani ina madoa kama ramani kwenye pembe, hiyo si hali ya hewa ya siku ile. Ni miaka iliyopita ndani ya sanduku.

Jambo la pili lina uzito zaidi, nalo ni rangi. Vioo vya wakati ule viliona buluu vizuri na nyekundu karibu havikuiona kabisa. Matokeo yake, mbingu ya kaskazi yenye rangi kali hutoka nyeupe tupu, bahari hupauka, na kitambaa chekundu hutoka cheusi. Ngozi nyeusi chini ya jua la saa sita, karibu na kanzu nyeupe, ilimpa mpiga picha mtihani: akipima mwanga kwa kanzu, uso unazama gizani, akipima kwa uso, kanzu inaungua. Wengi walipima kwa kanzu, au kwa suti nyeupe ya mmisionari aliyekaa katikati. Basi katika picha nyingi za kundi utamwona mgeni mmoja ana sura, kope na mikunjo ya shati, na watu 30 waliomzunguka ni macho na meno. Kemia ilichangia, sikatai. Lakini kuamua kanzu ya nani ndiyo kipimo ulikuwa uamuzi wa mtu.

Na watu kutotabasamu, jambo linalowasumbua wanafunzi wengi, lisitafsiriwe haraka kuwa ni huzuni ya utumwa. Picha za Waingereza wa miaka hiyo nazo hazina meno. Kukaa sawa mbele ya kamera ilikuwa heshima, na sekunde zilikuwa ndefu.

Waliopigwa na walioachwa

Mwaka 1874 zilipigwa Uingereza picha ambazo kwangu ndizo mlango mzuri wa kuingilia suala hili. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, alikuwa amefariki kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Watu wake waliukausha mwili, wakaubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa na CMS huko Nasik, India, baada ya kukombolewa utumwani, aliusindikiza hadi Southampton, akapigwa picha kando ya jeneza. Tarehe 18 Aprili akawa miongoni mwa walioubeba kuingia Westminster Abbey. Abdullah Susi na James Chuma walifika baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha. Wakakaa Newstead Abbey, jumba la mashambani huko Uingereza, wakamsaidia kasisi Horace Waller kuyapanga madaftari ya marehemu, maana wao ndio waliojua njia, majina ya wenyeji na tarehe. Hata kibanda alichofia walikijenga upya kwa mfano, ili Waingereza wakione.

Katika picha za Newstead wamo pamoja na Waller na watoto wa Livingstone. Vitabu vingi viliwaita "watumishi waaminifu", na kwa macho ya maelezo hayo ndivyo wanavyoonekana. Ukiyasahau maelezo na kuangalia kazi iliyokuwa ikifanyika nyumbani mle, unaona wataalamu wawili na mhariri mmoja. Chama cha Jiografia cha Kifalme kilitengeneza medali 60 kwa ajili ya msafara ule. Halima, mpishi aliyesafiri nao, hayumo katika picha yoyote ya Newstead. Wanawake wa msafara walirudi makwao na hakuna aliyewalipia nauli ya kwenda kupigwa picha.

Wapo na wengine walioachwa. Picha za Freretown na Rabai zinawapenda waliokombolewa na manowari, kwa kuwa hapo shujaa anajulikana. Lakini wengi waliokuja kukaa karibu na misheni hizo walikuja kwa miguu yao wenyewe. Walikuwa watoro, wamewakimbia mabwana wa mashamba ya Malindi na Mombasa. Hao waliwaweka wamisionari pabaya: ubalozi wa Uingereza uliwataka warudishwe, wenye mashamba wakatishia kuishambulia misheni, na mikataba ya sultani haikuwalinda. Mwanzoni mwa 1889 kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikiingia pwani ililipa fidia kwa wenye watumwa ili watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na vituo jirani wapate hati za uhuru. Ni idadi kubwa kuliko ya meli yoyote iliyowahi kushusha watu Freretown kwa siku moja. Hata hivyo ukimwuliza mtu leo alipata wapi taswira ya ukombozi pwani, atakutajia sitaha ya manowari, kama ile picha ya watu waliookolewa juu ya HMS Daphne mwaka 1868.

Na viboko navyo hakuna aliyevipiga picha. Freretown ilitawaliwa kwa kanuni kali, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 adhabu zake zilileta kashfa iliyofika hadi London, msimamizi wake mlei akaondoka. Barua za kashfa hiyo zipo. Jarida la kuombea michango halikuwa mahali pake.

Nguo ni suala linalohitaji jicho la ndani. Mtazamaji wa Ulaya akiona kijana wa Kiungani katika kanzu nyeupe hudhani ni vazi la kanisa. Mtu wa pwani anaona kitu kingine. Kanzu na kofia vilikuwa vazi la mwungwana. Mtumwa wa shambani alifunga kitambaa kiunoni na kutembea kichwa wazi. Askofu Steere na wenzake wa UMCA hawakutaka kuwageuza wanafunzi Wazungu wa kuiga, basi wakawaacha wavae kipwani. Sina hakika waliutambua uzito wote wa walichokuwa wakiruhusu: kijana Myao au Mmakua aliyeletwa Unguja kama mali alikuwa sasa anapita Mnazi Mmoja amevaa kama mtoto wa mwenye nyumba. Freretown, kwa upande mwingine, Waafrika waliokombolewa na kusomeshwa India, kama Wainwright, walijitambulisha kwa koti, suruali na viatu, na majina ya Kiingereza. Wote wawili walikuwa wakisema jambo moja, kwamba wao si watumwa, ila kila mmoja alizungumza na mtaa wake.

Wasichana walikuwa na Mbweni, kusini mwa mji, chini ya Caroline Thackeray aliyefika 1877 na kubaki Zanzibar hadi kifo chake mwaka 1926. Magofu ya shule yake bado yapo. Mara nyingi wasichana hawa wamepigwa wakishona, na picha hizo ndizo zilizowapendeza wanawake wa vyama vya kanisa vya Uingereza, ambao nao walikuwa wakishona ili kuchangia.

Ukiipata picha mkononi

Leo maelfu ya picha hizi zinapatikana bure mtandaoni. Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, kimekusanya hifadhi kubwa ya picha za misheni kutoka vyama vingi, wakiwemo Wamoravian wa Herrnhut na misheni ya Leipzig waliofanya kazi Rungwe na Kilimanjaro. Misheni ya Basel ina hifadhi yake yenyewe. Karatasi na picha za UMCA ziko Oxford. Bagamoyo penyewe, ndani ya eneo la misheni ya zamani, kuna makumbusho yenye picha zake.

Usiiamini tarehe kabla ya kuuliza imetoka wapi. Ukiona "1893–1914", mara nyingi hiyo ni miaka ambayo mmisionari mwenye albamu alikaa Afrika, na mkutubi hakuwa na njia nyingine. Tafuta tarehe ndani ya picha. Paa la mabati badala ya makuti linasema kitu. Bendera inasema zaidi: nyekundu ya sultani, ya Wajerumani, ya Waingereza. Kanga ni kalenda nzuri, kwani leso za mwanzo hazina maandishi, kisha yakaja ya herufi za Kiarabu, na ya herufi za Kilatini yakafuata. Bibi yeyote wa Mji Mkongwe atakusomea jambo hilo kwa haraka kuliko profesa.

Usiamini pia kwamba aliyeiweka kwenye albamu ndiye aliyeipiga. Wamisionari walinunua picha madukani kama wageni wengine. Picha ya "mtumwa wa Zanzibar" iliyobandikwa katika albamu ya padri inaweza kuwa ya studio, na huyo "mtumwa" akawa mtu aliyelipwa senti chache akae kwenye kiti. Dalili ni pazia la nyuma, zulia, au picha ileile kuonekana kama kadi ya posta iliyotumwa Hamburg.

Maneno ya wenyewe nayo yapo, na hayatumiki vya kutosha. Arthur Madan, mwalimu wa Kiungani, alichapisha mwaka 1887, kwa tafsiri ya Kiingereza, habari za maisha zilizoandikwa kwa Kiswahili na wanafunzi wake, wakieleza vijiji walikotoka, namna walivyotekwa, jahazi, na siku ya kukamatwa kwa jahazi. Mwaka uliofuata Kiungani ilianza kutoa gazeti la Kiswahili, Msimulizi, ambalo Waafrika wenyewe waliliandikia. Cecil Majaliwa, aliyepata upadri mwaka 1890 akiwa Mwafrika wa kwanza katika UMCA, aliandika barua nyingi akiwa kituoni Chitangali. Ukiweka picha ya darasa la Kiungani la miaka ya 1880 kando ya kurasa hizo, huwezi kusema kwa hakika nani ni nani. Unaweza kusema kwamba mmoja kati ya wale aliyakumbuka majina ya wazazi wake na mwingine hakuyakumbuka, kwa sababu wameyaandika yote mawili.

Jambo la mwisho ni la kazi tu. Ukiiomba nakala kutoka hifadhi yoyote, omba na upande wa nyuma. Huko ndiko kuna mwandiko wa kwanza, wa penseli, kabla mhariri hajaupangia lugha: wakati mwingine jina la mtu, wakati mwingine jina la kijiji limekosewa, wakati mwingine bei. Hifadhi nyingi zilipiga skani upande wa mbele peke yake, na hazitakutumia wa nyuma usipoutaja.